Kompyuta ndogo ya gemu na usanifu: dalili, chanzo, na kifaa ulichokosea kununua

Kompyuta kubwa ya mezani inasamehe. Feni ikipungua unaongeza nyingine, pawa saplai ikizidiwa unaweka kubwa zaidi, nafasi ipo. Kasha dogo, la ujazo wa lita 10, halina huruma hiyo. Vifaa vimebanana humo kama abiria wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, mmoja akinyoosha kiwiko basi wote wameumia. Mimi kazi yangu ni usanifu wa picha na video, na pembeni nawaunganishia wenzangu mashine za kubeba begani. Nyingi zinazorudi mezani kwangu na ugonjwa hazikuugua zikiwa kazini. Ugonjwa ulinunuliwa dukani pamoja na vifaa, ukakaa kimya mpaka siku ya kazi nzito. Kwa hiyo kila dalili hapa chini nitaifuata mpaka kwenye kifaa kilichochaguliwa vibaya.

Tukubaliane tunachozungumzia. Ni mashine yenye madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) ya mini-ITX, yaani mraba wa milimita 170 kwa 170, wenye sloti mbili za RAM na sloti moja tu ya kadi ya picha. Pawa saplai yake ni ya SFX, fupi kuliko ile ya kawaida ya ATX. Inaingia kwenye begi la mgongoni, inacheza gemu, inarenda (inatengeneza picha za mwisho) kwenye Blender, programu ya 3D, na kukata video. Zana za kuitibu: bisibisi, tochi, na rula. Rula ungeitumia kabla ya kulipa, nusu ya makala hii usingeihitaji.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi tii

Usifungue skrubu yoyote kabla ya kutazama kebo ya skrini imechomekwa wapi. Nyuma ya kompyuta kuna matundu ya HDMI ya aina mbili, la madabodi na la kadi ya picha. Kebo iingie kwenye kadi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina, na Ryzen 5000 nyingi za AMD zisizo na G, hazina picha ndani yake, hivyo tundu la madabodi litabaki mfu hata kama mashine ni nzima. Ndiyo sababu napendelea prosesa yenye picha yake ndani, kama Ryzen 7600 au 7700. Si kwa ajili ya kuchezea gemu. Ni kwamba siku kadi ikigoma, unaichomoa na bado una skrini ya kufanyia uchunguzi.

Kama madabodi ni mpya na inatumia RAM ya DDR5, subiri. Ikiwashwa mara ya kwanza inaizoea RAM kwanza, na inaweza kukaa dakika kadhaa bila kuonyesha chochote. Nimeshuhudia mtu akizima na kuwasha mara saba, kila mara akiikatisha katikati ya somo, halafu akaniletea akisema imekufa. Niliiwasha, nikaenda kuchukua chapati, nikarudi nikaikuta imefunguka.

Baada ya hapo mshukiwa ni kebo ya raiza. Makasha mengi madogo yanaweka madabodi upande mmoja na kadi upande wa pili, zimepeana mgongo, na kati yao inapita kebo bapa. Kebo za zamani zilitengenezwa kwa PCIe 3.0, yaani kizazi cha tatu cha njia inayounganisha kadi na madabodi. Kadi na madabodi za sasa hujaribu kuongea kwa 4.0 au zaidi, ujumbe ukaharibika njiani: skrini nyeusi, au picha yenye madoa, au gemu inayoanguka kila baada ya dakika chache bila mpangilio. Chomoa kadi, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya madabodi) kwa picha ya prosesa (unaona sasa?), weka sloti kwenye Gen3, zima, rudisha kadi. Ikipona, kebo ndiyo mgonjwa. Unaweza hata kuiacha hivyo, kwa sababu kadi inayotumia njia zote 16 haipotezi kasi ya kukutisha. Kadi zenye njia chache ndizo zinaumia: RTX 4060 ina njia 8, RX 6500 XT ina 4 tu, na hiyo ya mwisho kwenye Gen3 inadorora waziwazi. Unayenunua kasha la mtumba uliza kebo ya raiza ni ya kizazi gani kabla hujauliza rangi.

Mawili ya haraka. Plagi ya umeme wa prosesa, ile ya pini 8 kwenye kona ya juu ya madabodi, ndiyo watu husahau, maana ikishafungwa pawa saplai kona hiyo haionekani tena. Na madabodi iliyokaa muda mrefu kwenye rafu inaweza kuwa na BIOS isiyoijua prosesa mpya. Chagua ile yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila kuhitaji prosesa, la sivyo utatafuta mtu wa kukuazima prosesa ya zamani.

Inazima puu, gemu ikikolea

Kwanza tazama inakufaje, kwa sababu vifo havifanani. Ikikata kama mtu kachomoa waya, na haiwaki mpaka uzime swichi ya nyuma kwa muda, pawa saplai imejilinda. Ikizima na kujiwasha yenyewe, shuku umeme au RAM. Ikiganda au gemu ikafunga peke yake huku Windows iko hai, hilo ni la draiva, RAM, au volti ya kadi uliyoipunguza kupita kiasi. Windows itakuandikia tukio namba 41 la Kernel-Power, na watu hulishika kama jibu. Ni cheti cha kifo kisichotaja ugonjwa. Kinasema tu mashine ilizimika bila kuaga.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi ni hesabu ya wati. RTX 3080 zilizotumika bei yake inashawishi. Kadi ni wati 320, prosesa 120, jumla 440, kwa hiyo mtu ananunua pawa saplai ya wati 550 akiamini amebakiza akiba. Lakini kadi za kizazi kile zinaruka. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde zinavuta umeme mwingi kuliko ulioandikwa, pawa saplai inaona imezidiwa, inakata. NVIDIA wenyewe walishauri wati 750 kwa 3080. Pawa saplai zilizotengenezwa kwa kiwango cha ATX 3.0 zinatakiwa kuvumilia mruko wa hadi mara mbili ya uwezo wake kwa muda mfupi mno, kwa hiyo kwenye boksi usisome wati peke yake, tafuta na kiwango hicho.

Kipimo hakina gharama. Weka programu ya MSI Afterburner, shusha ukomo wa umeme wa kadi hadi asilimia 70, cheza saa nzima. Isipozima, umempata mwizi. Na kama bado hujanunua, kwenye kasha dogo ningekwepa 3080 moja kwa moja: RTX 4070 inakaribiana nayo kwa kasi na inatumia wati 200. Wati 120 ulizookoa ni joto ambalo halitaingia kwenye kasha, na hilo ni muhimu kuliko tofauti ya bei unayoiona leo.

Halafu kuna kifo cha umeme kukatika. Hili lilinipata mwenyewe. Nilinunua UPS ya 650VA, muuzaji akanihakikishia inabeba kompyuta yoyote. Umeme ukakatika katikati ya kurenda, UPS ikalia, kompyuta ikazima papo hapo kama vile haina chochote nyuma yake. Makosa yalikuwa mawili. VA si wati, na UPS ya ukubwa huo mara nyingi haifiki wati 400. Pili, UPS za bei nafuu zikiwa kwenye betri hutoa mawimbi ya umeme yenye ngazi ngazi badala ya mawimbi laini, na pawa saplai nzuri za kisasa, kwa sababu ya namna zinavyovuta umeme, wakati mwingine huyakataa. Kwa hiyo UPS inayomhifadhi mwenzako mwenye pawa saplai ya kizamani inaweza kukuangusha wewe mwenye nzuri. Tafuta iliyoandikwa mawimbi safi, na wati zake, si VA, zizidi matumizi ya mashine ikiwa kazini.

Joto linapanda, feni zinalia kama jenereta

Hapa ndipo majaribio ya mtandaoni yanatudanganya bila kukusudia. Wanaopima vipozaji wengi wapo kwenye chumba cha nyuzi 20 au 22. Dar es Salaam mwezi wa Februari, chumba bila AC kina nyuzi 32. Joto la chumba likipanda nyuzi 10, la prosesa nalo linapanda karibu kiasi hicho hicho. Kipozaji kilichosifiwa huko kwa kuishia 82 hapa kitakukaribisha 92. Ukiwa Nairobi au Mbeya shida yako ni ndogo, ukiwa Mombasa au Unguja ni kubwa. Kabla ya kuamini jedwali lolote, soma joto la chumba chao, kisha ongeza la kwako.

Usitishwe na namba peke yake pia. Ryzen 7000 zenye X zimeundwa zipande hadi nyuzi 95 zikiwa na kazi nzito, na 7800X3D ina ukomo wake wa 89. Fungua programu ya HWiNFO utazame pamoja na joto ile kasi ya prosesa: ikibaki juu, mashine iko sawa, inapiga kelele tu. Ikianza kushuka, hapo ndipo kuna ugonjwa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kufungua ubavu wa kasha. Endesha kazi nzito dakika 15 kasha likiwa limefungwa, andika joto. Fungua ubavu, rudia. Joto likishuka nyuzi 10 au zaidi, vifaa vyako ni vizima, kinachokosekana ni hewa. Likishuka mbili tatu tu, tatizo liko pale kipozaji kinapogusana na prosesa: pesti ya kupitisha joto imekauka, skrubu hazijakazwa sawa, au (msicheke) karatasi ya plastiki haikubanduliwa chini ya kipozaji. Nimeikuta zaidi ya mara moja, na moja ilikuwa kazi yangu mwenyewe.

Kama ni hewa, anza na mwelekeo wa feni. Kwenye kasha dogo feni ya kipozaji kilicholala inakaa karibu na ubavu, inavuta kutoka nje kupitia matundu. Ukiweka ubavu wa kioo, inavuta hewa ile ile iliyoitema. Kioo kinapendeza dukani, lakini kwenye lita 10 mimi sinunui. Angalia pia feni za juu: zitoe joto, zisishindane na ya kipozaji. Na kasha lisikae juu ya kitanda wala zulia, makasha mengine yanapumulia chini.

Kama hewa ni nzuri na bado inachemka, umeoanisha vibaya. Urefu wa kipozaji ndio unaoamua prosesa, si kinyume chake. Dan A4-SFX inaruhusu kipozaji cha milimita 48. Cooler Master NR200, yenye lita 18 na ushee, inakubali hadi 155, ndiyo maana ni rahisi kuipoza ingawa kuibeba ni kazi. Fractal Terra ya lita 10.4 ina ukuta wa katikati unaosogea, na kila milimita unayompa kipozaji unamnyang'anya kadi. Kipozaji cha milimita 37 kama Noctua NH-L9a ni cha prosesa za wati 65. Ukikipa 7700X ya wati 105 utalia. Dawa ipo bila kununua kitu: ndani ya BIOS washa Eco Mode ya wati 65. Kwenye gemu hutaona tofauti ya maana. Kwenye kurenda utaiona kidogo.

Kwa anayeanza upya: wa gemu zaidi, 7800X3D, kwani imeandikwa wati 120 lakini kwenye gemu hutumia chini ya hapo. Wa usanifu zaidi, Ryzen 9 7900 isiyo na X: viini 12 kwa wati 65, na sijui kwa nini watu hawaiimbi zaidi.

Inaanza kwa kasi, dakika ya kumi inachoka

Hii ni dalili ya wasanifu. Mchezaji wa gemu haioni. Fungua Task Manager wakati imechoka, utazame kipi kimejaa.

Ikiwa kumbukumbu ya kadi imejaa, hakuna mpangilio wa kukuokoa. Mandhari ya Blender unayoirenda (scene) yasipotosha kwenye kadi, yanasukumwa kwenye RAM ya kawaida na kurenda kunakuwa kwa kutambaa, au yanakataa kabisa. RTX 4060 ina GB 8. RTX 3060 ya zamani ina 12, na kwa mtu wa Blender au DaVinci Resolve (ya kukata video) ningemwambia aichukue hiyo ingawa kwenye gemu inapitwa. Mwenye uwezo aangalie 4060 Ti ya GB 16. Wauzaji watakuonyesha fremu kwa sekunde. Wewe uliza kumbukumbu.

Ikiwa ni RAM, hesabu sloti. Ziko mbili, basi. Mtu ananunua kijiti kimoja cha 16 akisema ataongeza baadaye; tangu siku ya kwanza anatumia nusu ya upana wa njia ya RAM, na baadaye anatafuta pacha wa kijiti kisichouzwa tena. Nunua jozi moja kwa mpigo, 16 mara mbili au 32 mara mbili. Mashine ikiyumba, zima kwanza ile EXPO au XMP, mpangilio wa BIOS unaoikimbiza RAM, kabla ya kulaumu kingine.

Ikiwa diski ndiyo imesimama kwenye asilimia 100, pima joto lake kwa programu ya CrystalDiskInfo. Madabodi nyingi za mini-ITX zina sloti ya pili ya SSD mgongoni, mahali ambapo hakuna upepo hata wa bahati mbaya. Ikichemka inajipunguza kasi. Weka Windows huko nyuma, na faili za mradi kwenye sloti ya mbele yenye bati la kupoza. SSD za bei ya chini zina ugonjwa mwingine: zinaandika haraka mpaka akiba yao ya ndani ijae, kisha zinadondoka. Ukinakili video za GB 200 utaiona siku hiyo hiyo.

Kifaa hakiingii

Hapa hakuna uchunguzi, kuna rula. SFX ina kina cha milimita 100, SFX-L ina 130, na hizo 30 zinaweza kuwa ndiyo nafasi ya waya zako. Kadi pima mara tatu: urefu, kimo, na unene kwa sloti, kwa sababu tangazo linalosema kasha linapokea kadi ya milimita 322 halijasema ya unene gani. Kimo ndicho kinachosahaulika, na juu yake ongeza plagi. Kebo ya pini 16 ya kadi mpya haipaswi kukunjwa karibu na plagi. Ushauri wa kawaida ni kuacha milimita 35 kabla ya kona. Ukiulazimisha ubavu wa kasha ufunge juu yake, unaweza kupata plagi iliyolegea, na plagi iliyolegea kwenye mamia ya wati huyeyuka.

Ilikuwa nzima nyumbani, imefika Dodoma imekufa

Mashine ya kubeba inatikisika, na hilo halimo kwenye jedwali la dukani. Ikifika haiwaki, chomoa na uchomeke tena vitu vitatu kwa mpangilio huu: RAM, ncha zote mbili za raiza, plagi za kadi. Mara nyingi inaishia hapo. Isipoishia hapo, tazama pini za sloti kwa tochi, kama kuna iliyopinda au ufa.

Ndiyo maana kwa msafiri sichagui kipozaji kirefu kizito kinachoning'inia kwenye madabodi, wala kadi ya feni tatu kama ya feni mbili inatosha. Kwa basi la usiku natoa kadi kabisa, naifunga kwenye boksi lake, naisafirisha mapajani. Kwenye treni ya SGR naiacha ndani, nimeibana kwa sponji pande zote, na sijapata shida. Kwa boti ya Unguja adui ni chumvi: skrubu zinashika kutu, na vumbi lenye unyevu linaganda kwenye mapezi ya kipozaji. Chujio za vumbi zioshwe kila mwezi, si kila mwaka.

Inafanya kazi vizuri, ila Wi-Fi ni mbovu

Kasha ni la chuma, na chuma hakipitishi mawimbi. Madabodi ilikuja na antena mbili ndogo za kukaza kwa mkono nyuma. Zipo nyumbani kwako, kwenye boksi la madabodi, ndani ya ule mfuko uliodhani ni wa skrubu.